Kutetea Imani ya Kikristo: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa vyuo, mama wa sokoni, watumishi wa serikali waliohamia Dodoma na wazee wa kanisa wanaoulizwa mambo na wajukuu zao. Anayejibu hapa ni mwalimu wa darasa la vijana kanisani. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu swali lenyewe ni zito, na mengine mistari michache inatosha.

Utetezi wa imani ni nini hasa?

Ni kueleza kwa nini unaamini unachokiamini, na kujibu pingamizi kwa ukweli. Msingi wake ni maneno ya Petro: "mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Waliosoma barua ile kwanza walikuwa Wakristo wa kawaida wa Asia Ndogo waliokuwa wakisumbuliwa kwa imani yao, wakiwemo watumwa na wake za watu wasioamini. Kwa hiyo kazi hii haikuachiwa maaskofu na wasomi peke yao.

Mstari huo una mambo ambayo watu huyaruka. Kwanza, mwenzako anauliza kwa sababu ameona tumaini ndani yako. Kama hakuna alichokiona, hoja zako zitamfikia zikiwa kavu. Pili, upole umo ndani ya amri yenyewe. Aliyeshinda mabishano kwa matusi hajamtii Petro, hata kama umati ulimpigia makofi.

Imani si kuamini tu? Kwa nini tutafute ushahidi?

Yohana Mbatizaji akiwa gerezani aliingiwa na swali, akatuma watu kumwuliza Yesu kama ndiye yule ajaye. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea (Mathayo 11). Huo ni ushahidi. Luka anaanza Injili yake kwa kusema amechunguza mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo. Waberoya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo.

Hoja peke yake haimzai mtu mara ya pili. Hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini Roho huyohuyo alimtumia Paulo aliyehojiana na watu sokoni Athene. Kijana anayeambiwa "usiulize, amini tu" haachi kuuliza. Anaacha kukuuliza wewe, anakwenda kumuuliza mwingine.

Ukristo si dini ya wazungu? Mababu zetu Wagogo walikuwa na dini yao.

Swali hili linazidi kuulizwa na vijana, na linastahili kujibiwa kwa historia, si kwa hasira.

Wamisionari Waingereza wa CMS, shirika la kimisionari la Anglikana, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, wakipita njia ileile ya misafara iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa kutoka bara kwenda pwani. Ukoloni ukafuata. Wapo wamisionari walioidharau ngoma yetu na majina yetu, wakachanganya Injili na mila za kwao. Hayo yasifichwe. Mkristo hana sababu ya kutetea kila kilichofanywa na mmisionari.

Lakini kusema Ukristo ulizaliwa Ulaya ni kosa la historia. Ulizaliwa Uyahudi, kwenye nchi iliyotawaliwa na Warumi wa Ulaya, na Warumi hao ndio waliomsulubisha Yesu. Mwafrika kutoka Kirene, Simoni, alibebeshwa msalaba wake. Mkushi, ofisa wa malkia, alibatizwa kabla Injili haijavuka kuingia Ulaya (Matendo 8). Mwaka 197 hivi, Tertullian wa Karthago, katika Tunisia ya leo, aliwaandikia watawala wa Kirumi utetezi mkali wa Wakristo. Origen wa Aleksandria, Misri, alimjibu mpagani Celsus hoja kwa hoja katikati ya karne ya 3. Roma ilipotekwa mwaka 410 na watu wakaanza kuwalaumu Wakristo, aliyeshika kalamu kujibu ni Augustino wa Hippo, katika Algeria ya leo. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alikuwa Mkristo katika karne ya 4, huku Waanglo-Saksoni wa Uingereza wakipelekewa wamisionari kutoka Roma mwaka 597. Sehemu kubwa ya utetezi wa imani tunaojifunza leo ulianza na Waafrika.

Na Wagogo? Walimjua Mulungu kwa jina hilo kabla mmisionari hajafika, wakamwomba mvua. Paulo alipokuwa Athene alianzia kwenye madhabahu iliyoandikwa "Kwa Mungu asiyejulikana", akasema huyo mnayemwabudu bila kumjua ndiye ninayewahubiri. Wakatekista wa hapa walifanya vivyo hivyo kwa lugha ya Kigogo, kijiji kwa kijiji, kwenye maeneo ambayo mzungu hakukaa. Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Anglikana ya Tanganyika, miaka sita kabla ya uhuru wa nchi. Watu hawa hawakuwa wakitunza mali ya mzungu. Walikuwa wamekutana na Kristo wenyewe.

Biblia si imebadilishwa? Mbona ya mwanzo haipo?

Ni kweli kwamba karatasi zenyewe alizoshika Paulo au Luka hazipo. Hali ni hiyohiyo kwa karibu vitabu vyote vya zama zile. Tulichonacho ni nakala. Kwa Agano Jipya peke yake zipo nakala za mkono za Kigiriki zaidi ya 5,000, nyingine vitabu vizima, nyingine vipande vidogo. Kimoja cha Yohana sura ya 18 kiko Manchester, na wataalamu wengi hukiweka karne ya 2. Kodeksi Sinaitiko, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono cha karne ya 4, ina Agano Jipya lote. Kwa Agano la Kale, magombo yalianza kugunduliwa Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947. Gombo kubwa la Isaya lilitangulia kuzaliwa kwa Yesu kwa takriban karne moja au zaidi, na ni la kale kwa zaidi ya miaka 1,000 kuliko nakala kamili ya Kiebrania iliyokuwa ikitumiwa. Walipolilinganisha walikuta ni Isaya yuleyule, pamoja na tofauti za tahajia na maneno hapa na pale.

Fikiria inavyotakiwa ili mtu aibadilishe Biblia yote. Angepaswa kuzikusanya nakala za Misri, Siria, Italia na Ethiopia, azichome, na kuwashawishi Wakristo waliokuwa wakizozana wenyewe kwa wenyewe wakubali toleo moja. Hakuna mtawala aliyekuwa na uwezo huo katika karne tatu za kwanza, wakati kanisa lilikuwa likiwindwa.

Jambo lifuatalo tunawaambia vijana wetu mapema, wasije wakalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani. Nakala zinatofautiana. Mistari ya mwisho ya Marko (16:9-20) na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa (Yohana 7:53 hadi 8:11) havimo katika nakala za Kigiriki za kale zaidi tulizonazo, na Biblia nyingi huonyesha hivyo kwa mabano au maelezo chini ya ukurasa. Tofauti nyingi ni za herufi na mpangilio wa maneno. Hakuna fundisho kuu la imani linalosimama juu ya mstari mmoja wenye mashaka. Tena tunajua tofauti hizo kwa sababu nakala ni nyingi na ziko wazi kwa yeyote kuzilinganisha.

Nimesikia Konstantino, mfalme wa Kirumi, ndiye aliyechagua vitabu vya Biblia kule Nikea.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 ulijadili hasa fundisho la Ario, aliyesema Mwana aliumbwa. Orodha ya vitabu vya Biblia haikuwa hoja pale. Injili nne na barua za Paulo zilikuwa zikisomwa makanisani zaidi ya karne moja kabla ya hapo. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo iko katika barua ya Pasaka ya Athanasius, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Konstantino alikuwa ameshakufa miaka thelathini nyuma.

Jirani yangu Mwislamu anauliza: Yesu alisema wapi "Mimi ni Mungu, niabuduni"?

Kwanza, furahi kwamba jirani yako anakuuliza. Pili, mkubalie lililo kweli: maneno hayo, kwa mpangilio huo, hayamo katika Injili. Usitafute mstari wa kulazimisha.

Kisha mwonyeshe Yesu alivyosema na kutenda mbele ya Wayahudi, watu waliojua vizuri kwamba Mungu ni mmoja. Katika Marko 2 anamsamehe mtu mwenye kupooza dhambi zake, nao wanauliza ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu peke yake. Hawakukosea kuuliza. Yesu anajibu kwa kumponya yule mtu mbele yao. Katika Marko 14 kuhani mkuu anamwuliza kama yeye ni Kristo, naye anajibu kwa maneno ya Danieli 7 juu ya Mwana wa Adamu ajaye na mawingu, yule anayepewa mamlaka na kutumikiwa na mataifa yote. Kuhani anararua mavazi na kuita hilo kufuru, maana ameelewa. Tomaso anamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu!" (Yohana 20:28), na Yesu hamkatazi, ilhali malaika katika Ufunuo anamkataza Yohana asimsujudie.

Atakurudishia: mbona Yesu alisema Baba ni mkuu kuliko yeye, mbona hakujua siku ya mwisho? Maandiko hayo yamo, na usiyakwepe. Wafilipi 2 inasema alijifanya hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa. Mwana aliyefanyika mwanadamu kweli aliona njaa, alichoka, aliomba. Kanisa limekiri yote mawili, kwamba yeye ni Mungu kweli na mwanadamu kweli, na halikuanza Nikea. Mwaka 112 hivi, gavana wa Kirumi Pliny alimwandikia mfalme Trajan kwamba Wakristo hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Aliyeandika hayo hakuwa rafiki wa kanisa.

Kuhusu Utatu, sema wazi kwamba tunaamini Mungu mmoja. Wengi wa jirani zetu wamefundishwa kuwa tunaabudu Mungu, Mariamu na Yesu. Mweleze kwa utulivu kuwa hilo sisi pia tungelikataa. Usikimbilie mifano ya yai au maji na barafu. Kila mmoja wa mifano hiyo, ukiusukuma kidogo, unageuka kuwa uzushi ambao kanisa lilishaukataa.

Na Injili ya Barnaba?

Nakala inayojulikana zaidi ni ya Kiitaliano, imetunzwa Vienna, na ni ya karne ya 16 hivi. Mwandishi wake anamfikisha Yesu Nazareti kwa mashua, wakati Nazareti iko milimani mbali na ziwa. Anazungumzia yubile ya kila miaka 100, utaratibu uliotangazwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300. Yubile ya Torati ni ya mwaka wa 50. Pia Yesu wa kitabu hicho anakana kuwa Masihi na kumpa Muhammad cheo hicho, jambo linalopingana na Kurani yenyewe, inayomwita Isa Masihi. Mwislamu makini hana sababu ya kukitegemea.

Kuna ushahidi gani kwamba Yesu alifufuka?

Hapa ndipo imani yote inasimama au kuanguka. Paulo mwenyewe anasema hivyo katika 1 Wakorintho 15. Barua ile iliandikwa miaka ishirini na kitu baada ya kusulubiwa. Ndani yake Paulo anataja mapokeo ambayo yeye mwenyewe aliyapokea kabla ya hapo: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa (yaani Petro), kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano, na wengi wao walikuwa bado hai. Ni sawa na kusema: nendeni mkawaulize. Katika Wagalatia 1 anasimulia alivyokwenda Yerusalemu akakaa na Kefa siku kumi na tano na kumwona Yakobo, ndugu yake Bwana.

Kifo cha Yesu kinatajwa pia nje ya Biblia. Tacitus, mwanahistoria Mrumi aliyewadharau Wakristo, aliandika mwaka 116 hivi kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato wakati wa Tiberio. Hili lina uzito unapozungumza na jirani anayeamini kuwa Isa hakusulubiwa.

Zitazame pia Injili. Mashahidi wa kwanza wa kaburi tupu ni wanawake, na katika jamii ile ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa. Anayetunga hadithi ili aaminiwe angemtanguliza Petro. Kisha yuko Yakobo. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye Yakobo anaongoza kanisa Yerusalemu, na Josephus, mwanahistoria Myahudi asiye Mkristo, anaandika kwamba aliuawa kwa kupigwa mawe. Kitu kilitokea katikati, na Paulo anasema alitokewa.

Tahadhari moja. Wahubiri husema kwa kujiamini kwamba mitume wote isipokuwa Yohana waliuawa kwa ajili ya imani, wakieleza na namna kila mmoja alivyokufa. Ushahidi wa kale una nguvu kwa Petro, Paulo, Yakobo ndugu yake Bwana, na Yakobo mwana wa Zebedayo (Matendo 12:2). Kwa wengine kadhaa tunategemea masimulizi yaliyoandikwa baadaye sana. Taja wale wanne. Wanatosha.

Mwanangu kidato cha kwanza amefundishwa Zinjanthropus. Nimwambie nini?

Mwambie asome vizuri na afaulu mtihani. Fuvu lile la kale la kiumbe anayefanana na binadamu lipo. Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Hapahapa mkoani, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, inaonyesha watu walioishi hapa zamani sana.

Wakristo wanaomheshimu Mungu hawajaafikiana jinsi ya kusoma Mwanzo 1. Wapo wanaosema siku sita za saa 24, wapo wanaosema vipindi virefu, wapo wanaosema Mungu alitumia mabadiliko ya polepole ya viumbe. Wote wanakiri kwamba Mungu ndiye Muumba na mwanadamu amebeba sura yake. Nadhani ni hatari kubwa kumfunga mtoto imani yake kwenye umri wa dunia, halafu akifika chuo kikuu akatikiswa kwa hilo moja, auache na msalaba. Sayansi si adui. Aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka chembe moja ya awali alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître, na misingi ya elimu ya urithi wa viumbe iliwekwa na mtawa Gregor Mendel kwa njegere za bustani ya monasteri.

Kama Mungu ni mwema, kwa nini tunateseka hivi?

Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kupanda kilima cha Igandu, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Hapa Dodoma bado wapo waliompoteza mtu siku ile. Tuna pia miaka ya ukame, mtama unapokauka shambani na ng'ombe kufa, na wazee wanaikumbuka miaka ya njaa kwa majina.

Yesu aliletewa habari za namna hii. Katika Luka 13 anataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, kisha anauliza kama wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Anajibu: sivyo. Basi mchungaji anayesimama msibani na kusema marehemu alikuwa na dhambi ya siri, au familia ina laana, anasema kile ambacho Bwana wake alikikataa kwa mdomo wake. Hilo linaniumiza kila ninapolisikia, na linasikika mara nyingi.

Lipo jibu la hoja. Ubaya mwingi unatokana na uhuru wa mwanadamu, na Mungu angeuondoa uhuru huo angekuwa ameuondoa na upendo. Pia anayesema ubaya ni ubaya kweli, si suala la mtu kupenda au kutopenda, anahitaji kueleza kipimo hicho kimetoka wapi kama hakuna Mungu. Hoja hizi ni za kweli na zinafaa darasani. Hazielezi ukame, wala kwa nini mtoto huyu na si yule. Biblia nayo haidai kueleza: Ayubu hakupewa sababu hata Mungu aliposema naye. Tulichopewa ni Mungu aliyeingia ndani ya mateso akalia kaburini kwa Lazaro, akafa msalabani, na kuahidi siku ya kufufuliwa.

Msibani usiyaseme hayo yote. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na huo ndio wakati pekee walipomfariji. Peleka unga, chota maji, kaa kwenye mkeka.

Nimetumiwa ujumbe kwenye WhatsApp wenye uthibitisho wa Biblia. Niusambaze?

Hapana, mpaka uwe umeuhakikisha. Hili ndilo ninaloliona tatizo kubwa kuliko maswali yote ya wapinzani.

Ujumbe unaosema wanasayansi wa NASA waligundua siku iliyopotea wakati wa Yoshua ni wa kubuni. Ule wa Darwin kutubu kitandani ulikanushwa na binti yake mwenyewe. Magurudumu ya magari ya Farao yanayodaiwa kuonekana chini ya Bahari ya Shamu hayajawahi kuthibitishwa na mtaalamu yeyote wa mambo ya kale aliyeyachunguza. Upande wa pili nao wana yao: Neil Armstrong hakusikia adhana mwezini wala hakusilimu, alikanusha mwenyewe, na Jacques Cousteau, anayedaiwa kusilimu, alifanyiwa ibada ya mazishi ya Kikatoliki Paris mwaka 1997.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kijana akijenga imani juu ya picha ya gurudumu, siku akigundua picha ni ya uongo atajiuliza na ufufuo nao ni wa namna gani. Katika Ayubu 13 swali linaulizwa kama tutasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, na jibu linaeleweka wazi. Hata hesabu za "sisi ndio wengi" ziache. Sensa ya Tanzania haiulizi dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo anayetaja asilimia za Dodoma kwa uhakika hana takwimu rasmi ya sensa nyuma yake.

Kabla ya kusambaza jambo, uliza: nani amesema, wapi, lini, na yupo asiye wa upande wetu anayelikubali?

Nishiriki mihadhara ya hadhara?

Tangu miaka ya 1980 nchi yetu imeona wahadhiri wa Kiislamu wakipanda jukwaani na Biblia mkononi, na wahubiri wa Kikristo wakijibu wakiwa na Kurani. Watu wengine walijifunza. Lakini mara nyingi mkutano uligeuka kuwa wa kucheka kitabu cha mwenzako, na mtaa ukabaki na chuki baada ya spika kufungwa.

Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu na kutangaza dini. Kanuni ya Adhabu nayo inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Mkutano wa hadhara una taratibu zake polisi, zifuate.

Ushauri wangu ni mazungumzo ya watu wawili au watatu, mkiwa mmekaa. Familia nyingi za hapa zina shangazi Mwislamu na mjomba Mkristo, wanazikana na kualikana Idi na Krismasi. Ukiongea na shehe au ustadhi, mwite kwa cheo chake, msikilize amalize, na umweleze hoja yake mpaka akubali kuwa ndivyo anavyoamini. Mithali 18:13 inasema: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, Ni upumbavu na aibu kwake." Na kama hujaisoma Kurani, usisimame kuifundisha.

Vipi kuhusu manabii wa mafuta na maji ya upako?

Utetezi wa imani unatazama na ndani ya nyumba. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kenya, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Wengi wao walikuwa wakitafuta Mungu kwa moyo. Uliza mambo haya kwa mtumishi yeyote: je, anakubali kupimwa kwa Maandiko? Anakuuzia kile ambacho Yesu alisema mtoe bure? Anakutenga na ndugu zako, na kukuzuia dawa na hospitali? Likitokea hilo la mwisho, ondoka leo.

Wasabato, Wakatoliki, Walokole: nani yuko sahihi?

Maswali hayo yana nafasi yake, ila hayako hapa. Anayekiri Utatu, Kristo aliyekufa na kufufuka, na wokovu kwa neema, huyo ni ndugu yangu hata tukitofautiana siku ya ibada. Tukianza kwa kushambuliana sisi, asiyeamini hatatusikiliza.

Nikiulizwa nisilolijua?

Sema "sijui, nipe muda nitafute", kisha utafute kweli na umrudie. Kama wasiwasi ni wako mwenyewe, usiufiche. Baba wa kijana mgonjwa alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mwanawe akaponywa siku hiyohiyo.

Nianze kusoma wapi?

Soma Injili ya Marko yote kwa kikao kimoja. Saa mbili zinatosha. Kisha Luka na Matendo, halafu 1 Wakorintho 15 na Warumi. Jifunze Imani ya Mitume na ya Nikea mpaka uweze kueleza kila sentensi kwa maneno yako. Hapo ndipo uchukue swali moja tu, lile unaloulizwa zaidi kazini au bwenini, ulifanyie kazi mwezi mzima.

Kwa wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na vyuo vingine, vikundi vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, USCF na CASFETA vina watu wa kusoma nao. Wanaotaka mafunzo ya theolojia yenyewe wanaweza kuulizia Chuo cha Theolojia cha Msalato au Chuo Kikuu cha St. John's, vyote viko hapa Dodoma. Mkatoliki aanze na Katekisimu, ambayo ipo kwa Kiswahili, na amuulize paroko wake. Na ukipata nafasi, tafuta mwenzako mmoja asiye Mkristo mnayeheshimiana, umwombe akusomee majibu yako na akuonyeshe yanapopwaya.